Kipande Kisicho na Mashine Yake

Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani ambaye wanazuoni wa Kiarabu walimtukuza hata wakamwita Mwalimu wa Kwanza, alitoa kauli moja ambayo haijaacha kuzisumbua akili za watu kwa zaidi ya miaka 2,300: kwamba mkono uliokatwa ukatengwa na mwili si mkono tena ila kwa jina tu, kwa sababu kilichoufanya kuwa mkono ni kazi yake, na kazi hiyo ilikoma saa ile ulipoachana na uhai uliokuwa ukiuendesha. Kauli hiyo aliisema juu ya viungo vya mwili, kisha akaitumia kuueleza uhusiano wa mtu na mji wake. Mimi nataka kuipeleka pahali ambapo yeye hakupata kupawazia, yaani katika mabanda ya mafundi wa chuma wa Gare, juu katika milima ya Usambara, ambako vipande vya mashine ambazo hakuna aliye hai aliyeziona zikizunguka vimelala nyuma ya milango na chini ya migomba, vikingoja ama mtu wa kuvitambua ama gari la mnunuzi wa vyuma chakavu. Je, kipande kilichopoteza mashine yake kingali ni kitu kile kile, au ni uzito wa chuma tu? Na ikiwa kingali ni kitu kile kile, je, sisi tuliokikuta tuna wajibu wowote juu yake?

Sikuichagua Gare kwa kubahatisha. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 walifika hapa Watrapisti wa Mariannhill, monasteri iliyoanzishwa na Franz Pfanner huko Natal, Afrika ya Kusini, mwaka 1882, nao wakakiita kituo chao Neu-Köln, jina ambalo limekwisha kusahauliwa ilhali Gare imebaki Gare. Watawa hao walikuwa watu wa sala na wa kazi ya mikono, wakiishika kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliyoandikwa katika karne ya 6, na ndani ya kanuni hiyo zimo sura mbili, ya 31 na ya 32, ambazo kila fundi, awe wa dini yoyote, angefurahi kusomewa. Ya kwanza inamwagiza mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri, pamoja na mali yake yote, kwa heshima ile ile vinayopewa vyombo vitakatifu vya altare. Na ya pili inamtaka abati awe na orodha ya zana zote, ili ajue anachokitoa na anachokipokea, na kila zana aikabidhi kwa ndugu ambaye mwenendo wake unaaminika. Kwa hiyo miaka 1,300 na zaidi kabla ya mtambo wa kwanza wa mvuke kupanda milima hii, palikuwapo fundisho la dini lililosema kwamba koleo na tupa vina hesabu mbele ya Mungu, na kwamba mtu asiyejua alicho nacho hawezi kuwa mwaminifu nacho.

Wala isidhaniwe kwamba chuma kilikuja Usambara pamoja na Mzungu. Wahunzi wa Upare, na hasa ukoo wa Washana wa Ugweno, walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe na silaha tangu zamani sana, na kazi yao ilivuka mipaka ya nchi yao ikafika kwa majirani. Jembe la namna hiyo halikuhitaji kutambuliwa, maana lilikuwa zima lilipotoka mikononi mwa mhunzi na likabaki zima hata lilipochakaa. Mashine ndiyo iliyoleta jambo jipya duniani: kitu kimoja kilichofanywa kwa mamia ya vitu, ambavyo kila kimojawapo kikitengwa na wenzake huwa kama bubu.

Nasema huwa kama bubu, wala sisemi huwa bubu, na hapo ndipo ninapotaka kusimama.

Katika banda moja huko Gare nilikuta kipande kinachotumiwa kuuzuia mlango usipigwe na upepo. Ni pete nene ya chuma cha kusubu, ambayo shubiri moja haitoshi kuukata upana wake, nayo imegawanyika nusu mbili zinazoungana kwa bawaba upande mmoja na kufungwa kwa parafujo upande wa pili. Ndani ya pete vidole vitatu vya chuma vimeelekea katikati, kila kimoja kikisogezwa mbele na nyuma kwa parafujo yake, na kila kimoja kimevishwa shaba nchani. Chini ya pete lipo guu pana, na katika wayo wa guu hilo umechongwa mfuo mfano wa herufi V iliyopinduliwa, laini kiasi kwamba ukipitisha kidole huoni mkwaruzo, ingawa sehemu nyingine zote za kipande zina ukavu ule ule wa mchanga wa kalibu.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mwenye banda. "Kitu hiki ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Wako wanaoniambia ni pingu ya wafungwa wa Kijerumani, na wako wanaosema ni mtego wa chui. Mimi sisadiki lolote katika hayo. Nani atatia shaba katika pingu?"

Katika swali hilo la mzee mna elimu yote ya kutambua vyuma visivyojulikana. Hakuanza na jina, alianza na sababu. Akauliza gharama ile ya shaba ilitolewa kwa haja gani, na alipoona kwamba pingu haina haja nayo, wala mtego hauna, aliyakataa majina yote mawili akakaa bila jina badala ya kukaa na jina la uongo. Mtu akiifuata njia hiyo hatua kwa hatua, kipande chenyewe kitamwongoza. Shaba ni laini kuliko chuma cha pua, kwa hiyo huwekwa pale ambapo kitu kinachozunguka kitasuguana na kitu kilichotulia, ili kinachozunguka kisichubuliwe; na kweli ncha za vidole vile zimelika kwa mviringo, si kwa nyufa wala kwa kupondwa. Vidole ni vitatu kwa sababu nukta tatu zatosha kukishika kitu cha mviringo pasipo kukiacha kipepesuke. Pete inafunguka kwa bawaba kwa sababu kinachoshikwa ni kirefu na ncha zake zimekwisha kufungwa pahali pengine, hakiwezi kupenyezwa, hakina budi kuingizwa kwa ubavu. Na mfuo ule wa guuni ni laini kwa sababu ulikaa juu ya reli ya kitanda cha mashine. Kwa hiyo pete ile ni kishikilio cha mhimili mrefu katika mashine ya kukereza chuma, ile ambayo mafundi wetu huiita leti. Kazi yake ni kuuzuia mhimili usiyumbe katikati wakati kisu kinapoukereza.

Na kuna la ziada. Kimo cha kutoka mfuo wa guu hadi katikati ya pete ndicho kimo cha kitovu cha leti yenyewe juu ya reli zake, hivyo mtu mwenye rula tu anaweza kusema, bila kuiona mashine ile, unene wa kazi kubwa kabisa iliyoweza kuzungushwa humo. Mashine imetoweka, hakuna ajuaye iliko, na huenda ilikwisha kuyeyushwa kabla mimi sijazaliwa. Na bado kipimo chake kimehifadhiwa katika guu la kitu kinachozuia mlango. Mkono uliokatwa haufanyi hivyo. Mkono huoza, na kadiri unavyooza ndivyo unavyosahau mwili wake. Lakini chuma kilichoundwa kwa kusudi kimetiwa nia ya muundaji katika sura yake, na nia hiyo haikukaa katika mashine nzima peke yake, bali iligawiwa kila kipande kwa sehemu yake, nayo inadumu pale kazi inapokoma. Kwa hiyo naona kauli ya Aristotle, kwa jinsi ilivyo kweli juu ya viumbe vyenye uhai, haiwi kweli juu ya vitu vya sanaa, ambavyo uhai wake haukuwa ndani yake tangu mwanzo bali ulikuwa katika akili ya mtu aliyevikusudia.

Walakini mwenye kutaka kuisikia nia hiyo lazima awe na subira, kwa maana dalili nyingi husema kidogo kuliko tunavyotaka ziseme. Chukua nyuzi za parafujo. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha nyuzi, zenye pembe ya digrii 55, zikihesabiwa kwa inchi. Na mwaka 1898 mkutano uliofanyika Zürich ulikubaliana juu ya nyuzi za milimita zenye pembe ya digrii 60. Mtu mwepesi wa hukumu, akiukuta uzi wa Whitworth katika kipande kilichopatikana Gare, atasema papo hapo kwamba kililetwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Amekosea njia, maana viwanda vya Ujerumani vyenyewe vilitumia nyuzi za Whitworth kwa miaka mingi kabla na baada ya mkutano ule. Au chukua herufi D.R.G.M., ambazo huonekana zimechapwa katika vifaa vya Kijerumani: ni alama ya uandikishaji ulioanza mwaka 1891, hivyo mwenye kuziona ana yakini kwamba kifaa hicho hakikutengenezwa na alama hiyo kabla ya mwaka huo, ila hazimwambii kilipanda mlima lini, wala kwa mkono wa nani.

Kwa hayo ya kupanda mlima, njia yenyewe ni shahidi bora. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, na haikufika Mombo, chini kabisa ya milima hii, mpaka mwaka 1905. Kila kitu kizito kilichofika Gare kabla ya hapo kilichukuliwa na wapagazi kutoka mahali reli ilipoishia, na kutoka Mombo kwenda juu kikaendelea kuchukuliwa kwa nguvu za watu na wanyama hata baada ya hapo. Ninapokishika kipande cha chuma cha kusubu ambacho mikono miwili inakichoka kwa dakika moja, siwezi kujizuia kuwafikiri watu wale, ambao majina yao hayakuandikwa katika orodha yoyote, na ambao kwa hakika walikijua kipande kile kwa namna ambayo muundaji wake hakukijua, kwa uzito wake juu ya bega katika tope la mteremko.

Tena si Gare peke yake iliyopokea vyuma vya namna hii. Huko Shume kampuni ya Wilkins na Wiese ilikata mitarakwa na kuiteremsha mpaka Mkumbara kwa njia ya waya iliyotengenezwa na kiwanda cha Bleichert cha Leipzig. Na nyanda zote za chini, kutoka Tanga hadi Korogwe na kupita, zilijaa mashamba ya mkonge, yenye mitambo ya kusaga majani ambayo wafanyakazi waliiita korona, na kila kiwanda kikubwa kilihitaji karakana ya kujitengenezea vipuri. Kisha ikaja mitengano, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliitwaa Usambara, na baada ya vita mali ya Wajerumani ikachukuliwa na kuuzwa. Mnunuzi mmoja akapata kitanda cha leti, mwingine gia zake, wa tatu sanduku la vifaa ambavyo hakujua ni vya nini. Halafu nyuzi za viwandani zikaiangusha bei ya mkonge duniani, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, karakana nyingi zikafungwa, na vyuma vikasambaa tena, safari hii katika mabanda ya vijijini. Vipande hivi havikupotea kwa uzembe wa mtu mmoja. Vilitenganishwa na mambo yale yale yaliyowatenganisha watu.

Nafika sasa penye uzito wa swali. Mnunuzi wa vyuma chakavu akifika na mizani yake, pete yenye ncha za shaba, gia iliyovunjika meno na kipande cha bati la gari vyote huwa kitu kimoja: kilo. Simlaumu, anatafuta riziki yake kwa halali, na tanuru linalongoja chuma chake halijui tofauti. Lakini Kurani tukufu ina sura nzima, ya 57, iliyopewa jina la chuma, na katika aya yake ya 25 vimetajwa pamoja vitu vitatu ambavyo msomaji wa haraka hatarajii kuvikuta mahali pamoja: kitabu, mizani, ili watu wasimamishe uadilifu, na chuma, chenye nguvu nyingi na manufaa kwa watu. Wafasiri wameieleza mizani hiyo kuwa ni uadilifu wenyewe. Nami nionavyo, kuwekwa kwa chuma jirani na mizani ya namna hiyo kunatosha kutuonya kwamba uzito si kipimo pekee cha chuma, na kwamba kitu kilichotengenezwa kwa manufaa ya watu hakijapimwa kwa haki mpaka yaulizwe manufaa yaliyokusudiwa.

Yuko atakayenijibu kwamba manufaa hubadilika. Katika shule nyingi za nchi hii, na katika makanisa yasiyo machache, kengele ni rimu ya gari au kipande cha reli kilichotundikwa juu ya mti, na watoto wameamka na kusali kwa sauti yake miaka nenda miaka rudi. Je, nitasema rimu ile inadhulumiwa? Na mzee wa Gare anayezuia mlango wake kwa kishikilio cha leti, je, anatenda kosa? Jibu la swali hili nimelipata, si katika vitabu vya falsafa, bali katika sheria ya Kiislamu ya kitu kilichookotwa. Mtume aliagiza kwamba aliyeokota mali ambayo hamjui mwenyewe wake akitambue kwanza chombo chake na kamba iliyofungiwa, kisha aitangaze mwaka mzima. Na asipotokea mwenyewe, aliyeokota ana ruhusa ya kuitumia, ila akitokea baadaye, haki yake ingali ipo. Angalia utaratibu huo ulivyo wa hekima. Kutambua kunatangulia, na hakufanywi kwa kukisia bali kwa alama zinazoonekana. Matumizi ya pili yameruhusiwa wala hayana aibu. Na pamoja na hayo matumizi ya pili hayaifuti haki ya kwanza. Mzee aendelee kuzuia mlango wake. Kengele iendelee kulia. Dhuluma inaingia pale mtu anapolikata guu lile lenye mfuo ili pete ikae vizuri sakafuni, au anapozisugua kwa tupa herufi na namba kwa sababu zinamkera, maana hapo ameharibu kile chombo na kamba ambavyo kwavyo mwenyewe angekuja kuijua mali yake.

Na mwenyewe ni nani, ikiwa kampuni imekufa, watawa wamekwenda, na mashine imeyeyushwa? Hilo nimelifikiri sana. Sidhani ni Mjerumani wala Mwingereza wala mwenye shamba. Naona mwenyewe ni kila mtu atakayekuja kuihitaji elimu iliyomo: kijana wa chuo cha ufundi anayejifunza kwa nini shaba huwekwa mbele ya chuma, mwandishi wa historia ya milima hii, fundi aliye na leti isiyo na kishikilio ambaye kimo cha kitovu chake kinalingana na kimo cha guu lile. Deni tulilo nalo kwao halina tarehe ya kukoma.

Vitabaki vipande ambavyo hakuna atakayevitambua. Mapadre Warosmini, walioingia Tanganyika mwaka 1945 na kufanya kazi katika nchi ya Tanga na milima yake, wamelipata jina lao kwa Antonio Rosmini, mwanafalsafa wa Kitaliano aliyezaliwa 1797 akafa 1855, ambaye alifundisha kwamba akili ya mtu ina fikra moja iliyotangulia fikra zote, nayo ni fikra ya kuwapo tu, isiyo na mpaka wala sifa, na kwamba hisi ndizo zinazoleta sifa zilizobaki. Sijui kama fundisho hilo litawaridhisha wanafalsafa wa leo, lakini mbele ya chuma kisichojulikana naliona limesema kweli tupu: fundi anajua kwa yakini kwamba kitu kipo, na kwamba kilikusudiwa, kabla hajajua ni nini. Ujuzi huo wa kwanza si mdogo. Unatosha kumwekea mtu staha, na unatosha kumzuia asikipe jina la pingu kwa sababu tu ya kuona haya kusema hajui.

Lililo wajibu wetu kwa sasa ni jepesi, wala halihitaji fedha za serikali. Daftari moja kwa kila banda latosha, liandikwe umbo la kipande, vipimo vyake, kila herufi na namba iliyochapwa hata kama haisomeki vizuri, pembe na hesabu ya nyuzi zake, mahali kilipookotwa na jina la aliyekileta. Na palipo na dhana tu pasiandikwe yakini. Lakini daftari haliwezi kungoja. Wazee waliofanya kazi katika karakana za reli, za mbao na za mkonge wanapungua, na baadhi yao wangali wanakumbuka kwa mikono yao ni parafujo ipi iliyokazwa kwanza. Waulizwe wao kabla ya chuma.